Sanduku Alilorudi Nalo Mwenda

Kazi yangu ya kwanza katika shirika la kuwasaidia watu waliouzwa ilikuwa kuchambua maharagwe. Nilikuwa nimetoka Embu, nilikokuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na siku hiyo nilivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino, nikidhani nitapewa meza na kompyuta, kisha watu wenye shida waje mmoja mmoja kunieleza. Mama Wanja, mkuu wetu, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Halafu akanisukumia ungo.

"Keti hapo na huyo dada," akasema. "Mchambue. Usimuulize kitu."

Huyo dada alikuwa mwanamke wa rika langu, mkunga wa zahanati, aliyekuwa amerudi kutoka Uarabuni siku chache tu zilizopita. Tulichambua maharagwe mpaka jua likatupita kichwani. Mimi nilikuwa najisikia mjinga, nikitafuta neno la maana la kusema na nisilipate. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Huko nilikuwa nalala kwa sakafu ya jikoni." Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa, akaendelea kusema. Sikumjibu kwa sababu sikujua la kujibu. Jioni Mama Wanja aliniambia kwamba kule kunyamaza kwangu ndiyo kazi nzuri pekee niliyofanya wiki hiyo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yenu, vijana. Juzi kanisani kwetu hapa Embu mlinialika, mimi mstaafu mwenye magoti mabovu, nizungumze nanyi, na binti mmoja wa chuo akainua mkono: "Auntie, mtu mzima, tena amesoma, anauzwaje?" Wengine mkacheka. Nilimjibu kwa maneno mawili matatu ya semina, nikarudi nyumbani, na jibu langu likakataa kunitoka kichwani. Halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo mtanivumilia.

Ofisi yetu ilikuwa Makutano, Meru, juu ya duka la vyakula vya mifugo. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Ushauri wa Familia", basi. Kijana mmoja tuliyemwajiri, mwenye moyo mwema na haraka nyingi, alitaka tuandike kwa herufi nyekundu kwamba hapa ni kituo cha waathiriwa wa biashara haramu ya binadamu. Mama Wanja akamuuliza, "Nani atapanda ngazi chini ya maneno hayo, na mama mkwe wake yuko hapo chini akinunua chakula cha kuku?" Kijana akakuna kichwa. Kibao kikabaki kama kilivyokuwa, na watu wakaendelea kupanda ngazi wakidhaniwa wamegombana na waume zao.

Mama Wanja alikuwa muuguzi mstaafu wa kutoka Runyenjes, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Hakuwa mtu wa kubembeleza wafanyakazi. Siku moja tulikwenda Laare kuzungumza na vibarua wa miraa, maana tulisikia kuna vijana walioletwa kutoka mbali kwa ahadi ya mshahara, kisha wakanyang'anywa vitambulisho. Tukafunga vipaza sauti sokoni asubuhi ile, tukaanza kuhubiri. Nani angetusikiliza! Asubuhi Laare ni vita. Miraa imetoka shambani, inafungwa kwa majani ya mgomba, boda boda zinakimbizana, magari yamewashwa. Mama mmoja mfungaji aliniambia bila hata kunitazama, "Mama, miraa haingoji semina."

Mama Wanja akazima kipaza sauti mwenyewe. Akaketi kwenye gunia kando ya yule mama, akaokota kamba, akaanza kufunga. Alifunga vibaya, wakamcheka, wakamfundisha. Kabla magari hayajaondoka tulikuwa tumejua ni kambi gani, ni nani anayeshika vitambulisho, na ni askari gani wa kumwendea. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kumhoji mtu mikono yake ikiwa mitupu. Mikono ikipata kazi, mdomo nao unapata njia.

Sasa nifike kwenye masanduku.

Katika chumba chetu cha nyuma kulikuwa na masanduku, yale ya magurudumu ya kusafiria ndege. Lilikuwa wazo la Mama Wanja. Ninyi mnajua desturi yetu. Mtu akirudi kutoka ng'ambo, watu hutazama mikono yake kwanza, uso baadaye. Anayerudi mikono mitupu ataulizwa na kila mtu, mpaka na mbwa wa jirani. Wengi tuliowapokea uwanja wa ndege walishuka na mfuko wa nailoni tu, na walikuwa radhi walale Nairobi barabarani kuliko kuingia kijijini hivyo. Basi sisi tulikuwa tunaenda na sanduku. Ndani tunaweka nguo, viatu, leso ya mama, sukari, majani ya chai, na zawadi ndogo za watoto. Mtu anaingia kwao akivuta sanduku, heshima yake imesitiriwa, halafu mambo ya daktari, ya ushauri na ya polisi yanafuata polepole. Nililipenda sana wazo hilo. Nikawa mimi ndiye mnunuzi wa masanduku katika soko la mitumba, na nilikuwa stadi wa kukagua magurudumu.

Nilimpokea Mwenda na sanduku la bluu.

Mwenda alikuwa kijana wa Mitunguu, kule chini kwenye joto na migomba ya kumwagilia maji. Baba yake alikufa zamani, akalelewa na mama yake, mwanamke mwenye ulimi mkali na migomba safi. Alisoma kompyuta chuoni, akamaliza, akakaa nyumbani na cheti chake kama wengi wenu. Kisha akapata kazi ya kuhudumia wateja kwa simu katika nchi moja ya Asia. Kijiji kizima kilimfanyia harambee ya nauli. Alipofika huko alipokelewa kwa tabasamu, akapakiwa kwenye gari, akavushwa mto kwa mashua kuingia nchi nyingine, na mlango ukafungwa nyuma yake. Alikaa ndani ya jumba lililozungushiwa waya zaidi ya mwaka, mpaka askari wa huko walipovamia lile jumba. Shirika moja la huko likatuandikia, ubalozi ukamtengenezea hati ya kusafiria, nasi tukatafuta tiketi.

Aliposhuka alikuwa na mfuko wa nailoni, na jambo la kwanza aliloniambia ni, "Auntie, nisamehe, sina kitu nimewabebea." Nilimmiminia uji kwenye kikombe cha chupa ya chai nikageuka upande, maana machozi yangu hayakuwa msaada kwake.

Alikaa nasi Makutano kwa muda. Daktari alimwona, mshauri wetu akawa anakaa naye, na mimi nikachambua naye maharagwe mengi kuliko tuliyoweza kula. Hapo ndipo aliponieleza mambo ya kule, na hapo ndipo aliponitajia aliyempeleka. Mkono wangu ulisimama kwenye ungo. Alikuwa Mama Baraka, kiongozi wa akina mama katika kanisa lao.

Mama Baraka nilimjua. Mwaka uliotangulia tulifanya semina Mitunguu katika ukumbi wa kanisa, na tulibandika ukutani picha kubwa ya mikono iliyofungwa minyororo. Watu walitazama ile minyororo, wakatuonea huruma sisi na hao tunaowahudumia, wakala chapati. Hakuna aliyejiona pale. Watoto wao walikuwa wanaondoka na pasipoti, viza na maombi, wala si minyororo. Na aliyeombwa kufunga semina kwa sala alikuwa Mama Baraka. Alisimama akaomba kwa sauti tamu, "Bwana, walinde watoto wetu na watu wabaya," nasi sote tukasema amina. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sisi tulikuwa tumemwekea kikulacho kiti cha mbele na soda.

"Ukitaka, tutaenda polisi," nilimwambia Mwenda. "Usipotaka, hatuendi."

"Sitaki," akasema. "Nataka kwenda kwa mama."

Tukampeleka kwa mama, akivuta sanduku la bluu juu ya vumbi la Mitunguu. Watoto walikimbia mbele wakipiga kelele. Mama yake aliimba, akapiga magoti, akainuka, akamkagua masikio kama mtoto mchanga. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi kutakuwa na shukrani.

Nilijaribu kumzuia. "Mama Mwenda, mpe muda. Amechoka."

"Kagendo, mtoto ametoka kwa mdomo ya simba na mimi nikae tu hivyo? Hata mbuzi sichinji? Watu watasema nini?"

Huyo simba yeye hakumjua. Alichoambiwa na mwanawe ni kwamba kampuni ilikuwa na matatizo. Nikaenda kwa mchungaji, mtu mwelewa, nikamwomba Mwenda asiitwe kutoa ushuhuda. Akakubali. Nikarudi Makutano nimeridhika, kumbe nimesahau kwamba mshereheshaji hakuwa mchungaji. Alikuwa mjomba wa Mwenda, na hakuna mtu aliyewahi kuona shukrani ya Mitunguu isiyo na ushuhuda.

Hema lilijaa. Mbuzi alinukia vizuri. Mwenda aliketi mbele amevaa shati letu na viatu vyetu, anapendeza. Mjomba akachukua maiki. "Sasa tumuite mwenye siku! Mwenda, kuja hapa, simama watu wakuone. Tuambie Mungu amekutendea nini huko majuu!"

Nilimwona mchungaji akiinua mkono kumzuia, lakini makofi yalikuwa yameanza. Mwenda akasimama. Katika safu ya kwanza, mbele yake kabisa, alikuwa Mama Baraka, na kilemba chake cha zambarau, akimtazama bila kupepesa.

"Bwana asifiwe," Mwenda akasema. "Nawashukuru kwa maombi yenu, na kwa ile harambee. Kazi iko sawa. Nimekuja tu likizo."

Mama Baraka alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Baadaye nilimkuta Mwenda nyuma ya migomba akitapika. "Auntie, ningesema nini?" akaniuliza. "Hawa watu waliuza kuku wao wanipeleke. Nisimame mbele ya mama niseme nilikuwa nachapwa kama mtoto? Mwanaume mzima?" Nilimpa maji, nikamshika bega. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagwa kwa kipaza sauti.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Likizo. Akienda kisimani, "Likizo yako inaisha lini?" Akienda kanisani, "Bado uko likizo tu? Hiyo kampuni ni nzuri kweli!" Wengine walimtania, wengine waliulizia kazi. Na sanduku langu la bluu, nililolichagua mwenyewe kwa magurudumu yake mazima, likawa ushahidi. Mama yake aliliweka sebuleni, akalifunika kitambaa cha kushona, na kila mgeni alilitazama.

Mmoja wa waliolitazama alikuwa Kinya, binti wa jirani, mwalimu aliyehitimu na kungoja ajira mpaka akachoka. Yeye na Mwenda walikua pamoja. Mama Mwenda ndiye aliyeniambia, kwa furaha, niliposhuka kumjulia hali kijana wetu: Kinya naye amepata! Nchi ile ile, kazi ile ile, kwa mkono wa Mama Baraka. Anaondoka wiki ijayo.

Nilikwenda kwa mama yake Kinya mbio. Nilimwambia kazi za namna hiyo ni hatari, kwamba tumeona wengi walioumia. Alinisikiliza akimenya viazi, kisha akaniuliza, "Nani huyo ameumia? Wa hapa?"

Niliokota ganda la kiazi lililoanguka, nikalitia kwenye beseni.

"Mwenda tumemwona na macho. Alirudi na sanduku kubwa hivi. Sasa wewe unataka wa kwangu asiende, kwa nini? Wa kwako wako wapi?"

Vijana mnaoingia kazi hii, hapa ndipo pagumu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwokoa Kinya, na neno hilo halikuwa langu. Kilichompata Mwenda ni mali ya Mwenda. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina ruhusa kwenda sokoni kutangaza. Nilikwenda kwake nikamkuta akifungua maji ya shamba, nikamwambia wazi.

"Kinya anaondoka wiki ijayo. Mimi siwezi kusema bila wewe. Nikisema bila ruhusa yako, nitakuwa nimekuuza mara ya pili. Lakini nimeona ujue."

"Najua," akasema. "Mama ameimba asubuhi yote."

Akaendelea kuelekeza maji kwa jembe. Nilingoja. Maji yalipofika mwisho wa mfereji, akahamia mfereji mwingine. Nikapanda gari kurudi Makutano, na nawaambia ukweli, nililia njia nzima, na katika kulia huko kulikuwa na hasira kwake. Niliwaza: sema tu, kijana, ni sentensi moja. Nilipofika ofisini nilimweleza Mama Wanja, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka na alikuja siku mojamoja tu. Alinisikiliza, akauliza, "Umemsukuma?"

"Hapana."

"Basi umefanya kazi yako. Nenda ule."

Sikula. Lakini kesho yake jioni simu ililia. "Auntie, kesho asubuhi wanapakia ndizi kwa kina Kinya. Unaweza kuja? Usiseme kitu. Kuja tu ukae."

Nilifika mapema. Chini ya kivuli chembamba cha paa la mabati akina mama walikuwa wamekaa kwenye majani ya mgomba, wakikata mikungu kuwa vichana na kuvipanga. Lori la Nairobi lilikuwa limeegeshwa, dereva anakunywa chai. Mama Kinya aliponiona alikunja uso, lakini mgeni hafukuzwi kazini. Akanipa kisu. Kinya alikuwa katikati, kitambaa kichwani, anacheka na wenzake kama mtu anayeaga. Mama Mwenda alikuwa akileta mikungu kutoka shambani.

Mwenda akaja na kitu amekibana kwapani. Akaketi karibu na Kinya, akachukua mkungu, akaanza kukata.

"Aiya, Likizo!" mama mmoja akasema. "Hata majuu mnakatanga ndizi?" Wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo. Alikata vichana kadhaa, akavipanga vizuri. Kisha akazungumza, macho kwenye kisu, sauti ya kawaida kabisa.

"Kinya, amekuambia ukiulizwa airport useme unaenda kutembea?"

"Eeh. Si ndivyo kila mtu husema?"

"Na yule wa kukupokea useme ni binamu yako?"

Kinya akamtazama. "Eeh."

"Na usiweke kwa mtandao mpaka ufike, ju watu wa hapa wako na macho mbaya?"

Mikono ya Kinya ikasimama. "Nani amekuambia hayo?"

"Yeye. Aliniambia hivyo hivyo. Hata hilo la macho."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama Kinya akaweka kisu chini. "Mwenda, kama ni mbaya, wewe ulirudi na sanduku la nini?"

"Sanduku ni ya Auntie Kagendo."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme kitu, basi nilikata kichana.

"Na viatu ni vyake. Shati, na ile sukari mlikunywa chai, alinunua yeye. Mimi nilirudi na hii." Akatoa kile kitu kwapani, akakiweka juu ya majani mbele ya Kinya. Ulikuwa ule mfuko wa nailoni. Kinya aliufungua. Ndani mlikuwa na fulana moja iliyochakaa, mswaki, na waya wa kuchajia simu, bila simu.

Ndipo akasema yote, polepole, akiendelea kukata. Kwamba kulikuwa na waya na walinzi. Kwamba kazi ilikuwa kuwaandikia wazee wa watu katika nchi za mbali, akijifanya mwanamke anayewapenda, mpaka watume pesa. Kwamba asiyefikisha alichapwa, na kwamba yeye alichapwa mara nyingi kwa sababu aliwahurumia wale wazee. "Nilikuwa najua ni vibaya," akasema. "Nilikuwa naandika tu, nikiomba wasijibu."

Sikujua mama yake yuko nyuma yetu mpaka niliposikia mkungu ukitua chini. Alikuja, akaokota ile fulana, akaigeuza upande wa ndani na wa nje, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani.

"Na ukaniambia uko likizo," akasema.

"Nilikuambia, mama."

Mwanamke yule mwenye ulimi mkali aliirudisha ile fulana ndani ya mfuko. Akaketi chini kando yake, bega kwa bega, akachukua kisu cha mwanawe mkononi, akaanza kumkatia. "Mwana wakwa," akasema tu. "Mwana wakwa."

Dereva wa lori akapiga honi. "Mama, tunapakia ama hatupakii?"

"Ngoja!" Mama Mwenda akafoka. "Ndizi hazitaoza leo!"

Kinya akafuta utomvu wa ndizi mikononi. Kisha akatoa simu, akamfungulia mama yake ujumbe wa Mama Baraka, akamsomea mmoja baada ya mwingine. Mama yake alikuwa akitikisa kichwa. Mara akanigeukia, uso umemvimba. "Wewe ulijua," akaniambia. "Ulijua na ukanyamaza."

"Nilijua," nikasema. Alinichukia kwa muda, na sikumlaumu.

Kinya hakwenda. Yeye, mama yake na Mwenda waliandikisha taarifa polisi, mimi nikiwa nimekaa pembeni na chupa ya chai, maana hiyo nayo ni kazi: kusindikiza, kungoja kwenye benchi, kurudi tena kesi ikiahirishwa. Bado inaahirishwa. Mama Baraka alihama lile kanisa, na hunisalimu vizuri sana tukikutana Makutano. Sitawadanganya kwamba mambo haya huisha kama hadithi za kusimuliwa watoto. Kuna wanaorudi wasiseme kamwe mpaka wanazeeka, na hao pia tuliwasaidia, na hatukuwadai neno. Mwenda hakuwahi kusimama tena mbele ya maiki, wala hatukumwomba, hata wafadhili walipokuja na kamera zao. Alisema pale kwenye ndizi, inatosha.

Binti uliyeniuliza, jibu lako basi: anauzwa na mtu anayejua jina la mama yake na anayemwombea. Anauzwa kwa sababu anatafuta kazi kama wewe. Elimu yake ndiyo waliyoitaka.

Na masanduku? Bado yapo pale Makutano. Lakini siku hizi tunauliza kwanza. Tunamwonyesha mtu sanduku, tunamwonyesha mfuko wake, tunamwambia achague la kuingia nalo kwao. Wengi huchagua sanduku. Wachache huchagua mfuko. Lile la bluu Mwenda alilirudisha mwenyewe, limefutwa vumbi, kile kitambaa cha mama yake kimekunjwa ndani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Kinya anafundisha chekechea ya hapo karibu, na Mwenda tulimsaidia kufungua duka dogo la kompyuta, anachapa na kutoa nakala, anasajili watu mitandaoni. Jina la duka amelichora mwenyewe mlangoni kwa rangi ya njano: Likizo Saiba. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukiwa tumekaa, mzee mmoja, ambaye Mwenda alikuwa amemwambia alete simu yake, akaja, amevaa koti la suti, ameshika simu kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. Akasimama mlangoni, akaanza na utani wa kijiji.

"Likizo, hii likizo yako inaisha lini?"

"Iliisha, mzee," Mwenda akasema, akimvutia kiti. "Keti hapa. Lete hiyo simu nione huyo mwanamke anayekuandikia kwamba anakupenda."